Kesi, Kifani na Kisa: Istilahi za Habari za Wateja katika Maandishi ya Biashara

Katika makala haya tunakusudia kueleza maana na matumizi ya istilahi chache ambazo siku hizi zinawatatiza wafasiri wa maandishi ya biashara. Nazo ni zile zinazohusu habari za mteja mmoja, zilizoandikwa na muuzaji ili kumvuta mteja mwingine. Kwa Kiingereza maandishi ya namna hiyo yana jina lake, na watumishi wa maofisini hulitamka "keisi stadi" pasipo kutafuta neno jingine. Wafasiri nao hulifasiri kila mmoja kwa njia yake. Katika karatasi tulizoletewa kuzipitia tumekuta tafsiri sita: uchunguzi wa kesi, utafiti wa wateja, uchunguzi kifani, ushuhuda wa mteja, mfano halisi na hadithi ya mafanikio. Mtu aweza kudhani kwamba wingi huo ni utajiri wa lugha. Sisi tuliyaona madhara yake kwa macho yetu huko Nandagala.

Nandagala ni kijiji cha Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, jirani na Nachingwea, katika nchi ya mikorosho na ufuta. Tulikuwa tumefika huko kwa kazi nyingine kabisa, ya kukusanya majina wanayoyatumia wakulima kwa magonjwa na wadudu wa mikorosho. Siku ya tatu tulialikwa kuhudhuria mkutano wa wanachama wa chama cha msingi cha ushirika. Ajenda mojawapo ilikuwa ununuzi wa mashine za kupulizia dawa. Kampuni moja ilikuwa imependekeza kukiuzia chama mashine hizo, na bei yake ingelipwa kwa makato ya kila kilo ya korosho ambayo wanachama wangeipeleka ghalani msimu uliokuwa ukija. Wakala wa kampuni alikuwa amegawa karatasi ya kurasa nne, iliyofasiriwa kwa Kiswahili, yenye kichwa cha habari "Uchunguzi wa Kesi ya Mteja Wetu".

Katibu aliisoma kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza, mzee mmoja aliyeketi mbele aliomba nafasi, akasema: "Bwana wakala, tumekusikia. Sasa huyo mteja wenu, kesi yake ilikuwa ya kosa gani, na nani aliyeshinda?"

Watu walicheka, lakini mzee mwenyewe hakucheka, wala hakuwa na sababu ya kucheka. Wakala akajaribu kusahihisha: "Hapana, mzee wangu, si kesi ya mahakamani. Ni utafiti. Umefanywa utafiti kwa mteja, ikaonekana mavuno yake yameongezeka."

Hapo ndipo jambo lilipoharibika zaidi. Neno utafiti katika nchi ya korosho si neno la kuchezewa. Wakulima wanaijua Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, ambako kituo cha utafiti wa kilimo kimeshughulika na mikorosho kwa miaka mingi. Wanajua kwamba huko miti mingine hupuliziwa dawa na mingine huachwa bila dawa, ikalinganishwa, na kazi hiyo ikarudiwa msimu baada ya msimu kabla ya mtaalamu kufungua kinywa. Basi mama mmoja akasema: "Kama watu wa utafiti wamekwisha kuthibitisha, sisi tunabishana nini?" Wakala hakusema ndiyo, wala hakusema siyo. Mwenyekiti akajiandaa kuita kura.

Bwana shamba, aliyekuwa amekaa karibu nasi, ndiye aliyeomba kwamba sisi "watu wa lugha" tueleze karatasi ile ni kitu gani. Tulieleza kwa kadiri tulivyoweza: kwamba si kesi, wala si utafiti, bali ni maelezo ya muuzaji juu ya mnunuzi mmoja aliyemchagua yeye mwenyewe. Wanachama waliahirisha uamuzi mpaka karatasi ifasiriwe upya. Yanayofuata hapa ni yale tuliyoyafikiri tulipokuwa tukiifasiri.

Tuanze na kesi. Neno hili limetoka katika Kiingereza, na lilipoingia katika Kiswahili lilipitia mlango wa mahakama, likakaa hapo hapo. Kesi ni shauri: kuna mshtaki na mshtakiwa, na mwisho wake ni hukumu. Tangu mwaka 2021, sheria zetu ziliporekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, maneno ya aina hii yameongezewa uzito, na si vyema kuyasambaza ovyo katika matangazo ya mashine. Hata hivyo, ni haki kusema kwamba mzee wa Nandagala hakuwa mbali na historia. Mwaka 1870, katika shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwalimu Christopher Columbus Langdell alianza kuwafundisha wanafunzi wake kwa kuwasomesha hukumu za mashauri yaliyokwisha kuamuliwa, badala ya kuwahutubia kanuni tupu. Shule ya biashara ya chuo hicho hicho, iliyofunguliwa mwaka 1908, iliichukua njia hiyo, ikaweka matatizo ya makampuni mahali pa mashauri ya mahakama. Kwa hiyo neno lilihama kutoka kwa hakimu kwenda kwa mwalimu wa biashara, na kutoka kwa mwalimu likashuka kwa muuzaji. Kila lilipohama liliacha nyuma kitu kimoja. Mbele ya hakimu kuna pande mbili na ushahidi wa kila upande. Darasani mwalimu huweka mezani hata yale yaliyoharibika, ili wanafunzi wabishane. Kwa muuzaji umebaki upande mmoja tu, nao ndio ulioshinda.

Sasa tutazame uchunguzi kifani, istilahi ambayo imekwisha kuzoeleka katika vyuo vikuu vyetu. Wako wanaoilaumu kwa sababu imeunganisha majina mawili pasipo kiunganishi, lakini lawama hiyo haina nguvu: mbona stakabadhi ghalani, iliyoenea baada ya sheria ya maghala ya 2005, leo husemwa na kila mkulima wa Ruangwa bila kigugumizi? Jambo la maana ni neno kifani lenyewe. Katika lugha ya kawaida kifani hutumika zaidi katika kukanusha. Twasema mtu fulani hana kifani, yaani hakuna anayefanana naye. Basi kitu chenye kifani ni kile ambacho vingine vinafanana nacho, na anayekichunguza kimoja hupata fununu ya vingine. Neno hili, tofauti na neno la Kiingereza, linabeba ndani yake dai, na dai hilo ndilo msomaji anayepaswa kulipima: je, ni kweli tunafanana?

Karatasi iliyosomwa Nandagala ilihusu shamba la nchi nyingine. Lilikuwa na mwenye mali mmoja, miti ya umri mmoja iliyopandwa kwa mistari, barabara ya trekta katikati, na vibarua waliolipwa kwa siku. Nandagala mikorosho ni ya watu wengi, mingine mikongwe iliyosongamana, mingine michanga, na kati yake kuna mihogo na mbaazi. Ubwiriunga, ugonjwa unaoshambulia majani machanga na maua ya mikorosho katika miezi ya baridi, haupungui kwa mkulima mmoja ikiwa jirani yake hakupulizia. Kwa hiyo shamba lile lilikuwa na uzuri wake, lakini halikuwa kifani cha Nandagala. Mfasiri aliyeandika "kesi" aliwanyima wasomaji nafasi ya kuuliza swali hilo. Naye aliyeandika "utafiti" angewanyima hata haki ya kuuliza.

Je, tuseme basi kwamba karatasi ya muuzaji iitwe uchunguzi kifani? Hatuoni hivyo. Uchunguzi ni kazi ya mtu anayetaka kujua. Hachagui jibu kabla ya kuanza, na akikuta mabaya huyaandika. Kwa mfano wa uchunguzi kifani wa kweli hatuna haja ya kwenda mbali. Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Urambo, zilizochaguliwa kwa ule mradi mkubwa wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947. Mradi ulianza na shauri la Frank Samuel wa United Africa Company. Ukapimwa na ujumbe uliozunguka nchi kwa majuma machache tu. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta, ikajengwa bandari Mtwara na reli ya kufikia Nachingwea. Mwezi wa Januari 1951 mradi uliachwa, na hasara ikahesabiwa kuwa pauni za Kiingereza milioni 36 hivi. Hadi leo mambo hayo husomwa na wanafunzi wa uchumi na uongozi katika nchi nyingi, kwa sababu yanafundisha jinsi mpango unavyoweza kuharibika. Hakuna muuzaji wa matrekta hata mmoja aliyepata kuyaandika katika karatasi zake za kutafutia wateja. Hiyo ndiyo tofauti ya uchunguzi kifani na kitu tunachokitafutia jina hapa.

Kwa maandishi ya muuzaji tunapendekeza kisa cha mteja. Kisa ni habari ya jambo lililotukia, lenye mwanzo wake, mhusika wake na sababu yake. Ndiyo maana twaulizana kisa na mkasa. Neno halidai kwamba jambo limethibitishwa, wala halikashifu kwamba limetungwa. Msimulizi wa kisa anajulikana kuwa na upande wake, na msikilizaji humpokea kwa kiasi hicho. Hadithi ya mafanikio, kwa upande mwingine, humharibia muuzaji mwema biashara yake, kwani kila mtoto wa Kiswahili ajua kwamba hadithi huitwa ije pamoja na uongo wake. Mfano halisi ni maneno mepesi yasiyo na dhambi, lakini hayasemi ni mfano wa nini wala wa nani, yafaa darasani.

Lazima tukiri kwamba kisa nacho kina ila yake, nayo inaonekana katika wingi. Mtu akisemwa kuwa ana visa, hasifiwi. Kichwa kisemacho "Visa vya Wateja Wetu" chaweza kusomwa kama orodha ya vitimbi ambavyo wateja wameifanyia kampuni, na msomaji wa mjini atafikiri ni vibali vya kuingilia nchi za nje. Tulijadiliana sana juu ya jambo hili. Wenzetu wengine walitaka masimulizi ya wateja, wengine habari za wateja. Sisi twaona kwamba umoja utumike katika vichwa vya habari, na mahali penye visa vingi kila kimoja kipewe namba yake: kisa cha kwanza, kisa cha pili. Si suluhisho zuri sana, lakini ni afadhali kuliko kuwatukana wateja.

Tukilitaja neno suluhisho, tungependa kuongeza jambo kidogo nje ya njia. Makampuni ya siku hizi hayauzi tena mashine wala dawa, huuza masuluhisho. Na mteja hana tena shida, bali ana changamoto. Mfasiri hafungwi na mtindo huo. Suluhu kwa asili ni amani baina ya waliogombana, na mkulima wa Nandagala hajagombana na pampu yake. Ikiwa kinachouzwa ni mashine, iandikwe mashine. Ikiwa mteja alikuwa na shida, iandikwe shida.

Ushuhuda ni neno zito kuliko yote sita. Anayetoa ushuhuda ameona kwa macho yake na yuko tayari kuulizwa. Neno linatumika mahakamani, linatumika makanisani, na shina lake ndilo lile lile la shahada ambayo Mwislamu huitamka. Muuzaji anayeandika "ushuhuda wa mteja" juu ya maneno aliyoyatunga yeye mwenyewe ofisini huazima uzito huo wote bila malipo. Kwa hiyo tunashauri neno hili litumike mahali pamoja tu: pale mteja anaponukuliwa kwa maneno yake mwenyewe, jina lake likatajwa kwa idhini yake, na maneno yasigeuzwe. Jambo la idhini si adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu wanaokusanya na kutumia habari za watu, nayo Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Mtumishi wa serikali anayeletewa karatasi ya kisa cha mteja, hasa katika kamati ya ununuzi, na aulize kwanza kama mteja aliyetajwa anajua kwamba ametajwa.

Katika kufasiri upya ile karatasi tulikuta sentensi iliyosema: "Mteja alishuhudia ongezeko kubwa la mavuno," ikifuatwa na asilimia iliyopigwa chapa kwa wino mzito. Asilimia ya nini? Karatasi haikusema mavuno ya mwanzo yalikuwa kilo ngapi, wala msimu gani ulilinganishwa na upi. Kila mkulima wa korosho ajua kwamba mwaka huwa na mwaka wake. Mvua ikikatika mapema au baridi ikizidi, mavuno hubadilika hata kama mashine ni ile ile. Hatukuwa na ruhusa ya kubadili maneno ya mwenye karatasi, kwa maana mfasiri si mhariri. Tuliloweza kufanya ni kuandika kwa Kiswahili kilicho wazi: "Kampuni inasema kwamba mavuno ya mteja huyu yaliongezeka." Neno hili inasema, na dogo kama lilivyo, lilimrudishia kila mtu mzigo wake. Pia tuliandika kichwa kipya: "Kisa cha Mteja Mmoja, kama Kinavyoelezwa na Muuzaji." Kampuni ilinung'unika kidogo, kisha ikakubali.

Juu ya neno masoko hatutasema mengi. Limekwisha kuenea katika maana ya kazi nzima ya kutafuta wanunuzi na kuwatunza, na vyeo kama Meneja Masoko vimezoeleka. Hapana faida ya kulipinga. Bali mteja na mnunuzi yafaa yatenganishwe. Mshitiri, neno la watu wa pwani na visiwani, halikupata nguvu bara. Mnunuzi ni yeyote anayetoa fedha na kuchukua bidhaa, hata mara moja. Mteja ni yule mwenye uhusiano na muuzaji, anayetarajiwa kurudi. Ndiyo maana hata mganga ana wateja, na kampuni za simu humwita kila mtu mteja, akiwemo yule asiyepatikana. Mwezi wa Novemba 2018, wafanyabiashara walipotoa bei ambazo wakulima walizikataa, Serikali ilitangaza kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Katika jambo hilo Serikali ilikuwa mnunuzi. Kuiita mteja kungekuwa kosa la istilahi.

Tofauti hii ina manufaa kwa vyama vya ushirika vyenyewe, maana visa vya namna hii si mali ya makampuni peke yake. Chama Kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limeundwa kwa silabi za kwanza za Ruangwa, Nachingwea na Liwale (na sisi wa istilahi hatuna budi kulipenda jina kama hilo), kinauza korosho ghafi za wanachama kwa mnada, na katika msimu wa 2024/2025 minada ya korosho ilianza kuendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Korosho nyingi huenda India na Vietnam. Korosho zetu huvunwa katika miezi ya mwisho wa mwaka, wakati ambapo mavuno ya India, ya Vietnam na ya Afrika Magharibi yamekwisha, nalo ni jambo ambalo mwenye kiwanda hulijali sana. Ubora wake hupimwa kwa pauni za viini vinavyopatikana katika gunia la kilo 80 baada ya kubangua. Chama kikimpata mwenye kiwanda anayerudi mnadani mwaka hata mwaka, na akakubali kueleza ni mzigo gani alioupokea na viini vingapi alivyovipata, hicho ni kisa cha mteja chenye namba ambazo mnunuzi mwingine aweza kuzipima mwenyewe. Kiandikwe kwa Kiswahili kwanza, ili mwanachama aliyeipalilia mikorosho hiyo aelewe kinachosemwa juu ya mali yake, kisha kifasiriwe kwa lugha za wanunuzi.

Watu wa Kusini wana kipawa cha kuita vitu kwa majina. Neno kangomba, kwa biashara ile ya kuwanunulia wakulima korosho zao kwa bei ya kuwaumiza nje ya utaratibu, halikutungwa na kamati yoyote, na leo latumika hata bungeni. Kwa sababu hiyo tulipenda kuwasikiliza wanachama wenyewe. Katika mkutano wa pili tafsiri mpya ilisomwa. Yule mzee aliomba nafasi tena, na safari hii aliuliza: "Miti ya huyo mteja ina umri gani, na majirani zake nao hupulizia?" Wakala alijibu kwa uungwana kwamba hajui, ataandika kuuliza. Chama kiliamua kukodi mashine mbili kwa msimu mmoja na kuzitumia katika mashamba yanayopakana, kabla ya kuzungumza habari za makato.

Limebaki jambo moja ambalo hatujalipatia jina. Katika biashara yuko mteja ambaye amekubali kwamba wanunuzi wengine wampigie simu au wamtembelee, wamuulize mambo yalivyokuwa. Mfasiri mmoja alimwita mdhamini. Hatukuweza kukubali, kwa kuwa mdhamini hulipa deni la mwenziwe, na mtu wa watu asije akadaiwa pampu. Yamependekezwa mrejewa na mtajwa. La kwanza linafuata kanuni lakini halimwambii kitu asiyelijua. La pili laeleweka, ila laweza kumhusu yeyote aliyetajwa popote. Wasomaji wenye neno bora, hasa walimu na watumishi wa ushirika walio vijijini, wanaombwa kulileta kwa Katibu, pamoja na sentensi mbili au tatu zinazoonyesha jinsi linavyotumika mahali walipo.